Kisanduku cha "Haikuonekana"

Salamu nitawapa mwishoni, vijana wangu mnaofundisha dini. Nikianza na salamu nitaanza kucheka nanyi, na nikishacheka hasira itanitoka kabla sijaitumia.

Wiki iliyopita alikuja kwangu hapa Mahongole, Makambako, mwalimu mmoja wa kike, mgeni kazini, anayefundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu shule ya msingi. Alileta karatasi ya kupimia watoto ibada kwa vitendo, anataka ushauri wa mstaafu. Karatasi nzuri, imepigwa kwa kompyuta, mistari imenyooka. Nikavaa miwani nikaisoma: nia, viganja, kusukutua, puani, uso, mikono hadi viwikoni, kichwa, masikio, miguu. Mbele ya kila tendo visanduku vitatu. "Amepatia." "Amekosea." Nilipokisoma cha tatu nilitua kikombe kwa nguvu, chai ikamwagikia kitambaa cha meza. "Haikuonekana."

Nikamuuliza, mwanangu, hiki umekitoa wapi? Akasema ameiga karatasi za zamani za kamati ya dini. Kumbe sisi tumestaafu, kisanduku bado kiko kazini.

Basi kaeni niwaeleze kilichofanya nisiweze kukitazama.

Nilifika Makambako nikiwa bi harusi kutoka Kondoa, nina cheti cha ualimu kwenye sanduku la bati na mume dereva wa lori la mbao. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya njia panda yalikuwa yameanza kujaa sabuni za kila harufu, mitumba imepangwa hadi barabarani, na watu wa kila mkoa wanashuka na mizigo yao. Waislamu tulikuwa wachache, wengi wenye maduka na magari, wengi wageni kama mimi. Shuleni, kipindi cha dini kikifika, wenzetu Wakristo walijaa madarasani, sisi tunapewa stoo ya majembe. Silalamiki kuhusu stoo. Mwalimu mkuu, Mbena na mzee wa kanisa, aliamuru majembe yasogezwe ili tupate pa kusujudia, na siku ya mtihani wetu ndiye aliyehakikisha pipa limejaa maji. Walioniudhi mimi walikuwa wa kwetu.

Kila mwaka, kabla ya darasa la saba kuondoka, kamati ya dini ilituma mtahini kutoka Njombe mjini. Jina la kamati siliandiki. Mtahini alikuwa Ustadhi Mahamudu, mtu msafi, mpole wa sauti, kanzu yake haina kunjo hata baada ya safari ya basi. Wavulana aliwapima uani, penye pipa. Wanakunja mikono ya shati, wanachota kwa kopo, yeye ameinama pembeni na kalamu, hakuna kinachompita. Nimewahi kumwona akimrudisha mtoto mara mbili kwa sababu ya kisigino. Nilimheshimu kwa hilo. Mpimaji wa vitendo akiwa mvivu wa kutazama, afadhali abaki nyumbani.

Wasichana je? Msichana aliyekwisha kubaleghe hawezi kukunja mikono na kufunua nywele mbele ya mwanamume asiye maharimu wake. Hapo sina ugomvi na Ustadhi, wala sikuwahi kuwa nao. Ugomvi unakuja kwenye dawa aliyoitafuta. Alisema watie udhu juu ya nguo. Mkono wa gauni ubaki umeshuka, maji yapitishwe juu yake. Kichwa kipakwe juu ya mtandio. Yeye ataona mwendo wa mkono, na kwa kuwa hataona maji yakifika mwilini, atatoa nusu ya alama. Nusu nyingine inakwenda kwenye kisanduku cha tatu.

Sasa sikieni dhambi yangu, maana sitaki mnione malaika. Nilikubali, tena nilifanya zaidi ya kukubali. Nilitaka wasichana wangu wapate ile nusu yote bila kupungua, nikawa nawafundisha hivyo hivyo mwaka mzima, juu ya nguo, ili siku ya mtihani wasibabaike. Niliwasimamisha stooni mmoja mmoja: haya, mwaga juu ya mkono wa gauni, kulia, mara tatu, kushoto, mara tatu. Wakawa hodari kabisa.

Mwezi wa saba, Makambako, mnajua baridi yake. Asubuhi moja mama mmoja muuza vitenge akanifuata nyumbani amemshika bintiye mkono. Mtoto anatetemeka, meno yanagongana, gauni limelowa hadi begani, mtandio unachuruzika. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayejizuia, kama ni mimi niliyemwambia mwanawe dini inataka atawadhe na nguo. Mtoto akanitetea. Akasema, Mama, Mwalimu alinipa vema.

Nilitaka ardhi ipasuke. Mtoto wa watu anaswali alfajiri na udhu ambao si udhu, anaugua mafua, na kisa ni mimi kufundisha mtihani badala ya ibada. Andikeni hilo mahali mlione kila siku: mkimfundisha mtoto kitu ambacho akitoka mlangoni kwenu hakimfai, hamjafundisha. Nilimvua lile gauni, nikampa sweta la mume wangu lililomfika magotini, nikamtilia maji ya moto kwenye beseni na kumfundisha upya. Mama yake alikaa pale hadi mwisho. Baadaye aliniambia naye alikuwa hajui kwamba maji lazima yafike kiwikoni.

Huyo mtoto ndiye Hadija. Mshikeni jina.

Kutoka siku hiyo nilikwenda kwa Bibi Salama. Alikuwa mjane wa fundi magari, ametoka Ujiji zamani, anakaa Lyamkena, na ndiye aliyekuwa akiosha maiti wote wa kike wa Kiislamu hapa mjini. Kifo kikitokea Mahongole, yeye. Kikitokea Njombe, anafuatwa kwa gari. Nilimwomba aje shuleni awafundishe wasichana udhu, kisha tuingie kwenye kuosha maiti, maana imo katika muhtasari wa vitendo na hakuna aliyekuwa akiigusa. Wavulana walielezwa kwa mdomo, wasichana hata mdomo hawakupata.

Bibi Salama alikuja na gunia. Akaniambia nilijaze majani makavu, nilivalishe gauni kuukuu. Wasichana wakalibatiza Mama Gunia, wakawa wanalisalimia "Kamwene" kwa Kibena wakiingia stooni, na Bibi anawaacha wacheke kwanza. Wakishacheka, anakaa kwenye kigoda na kazi inaanza. Aliwafundisha shuka lisiondoke juu ya mwili hata unapoosha, mkono ndio uingie chini ya shuka. Tumbo libonyezwe taratibu, kwa kitambaa. Upande wa kulia kwanza. Nywele zisukwe mikia mitatu, zilazwe nyuma. Kafuri itiwe kwenye maji ya mwisho. Mmoja akiligeuza gunia kwa kishindo, Bibi anamtazama tu, halafu anauliza: "Huyo ni mamaako, ungemgeuza hivyo?" Msichana anamlaza tena, taratibu.

Katika wote, Hadija ndiye aliyekuwa na mkono. Siwezi kuwaeleza vizuri zaidi ya hapo. Wengine walifuata hatua, yeye alikuwa kama anamsikiliza yule asiyesema. Bibi Salama hakuwa mtu wa kusifu, lakini siku moja akitoka aliniambia akifa anataka aoshwe na yule.

Mwaka wa mtihani wake nilijiandaa. Mapema kabisa nilimwandikia Ustadhi barua, kwa heshima zote, nikipendekeza wasichana wapimwe na mwanamke. Hakujibu. Siku ilipofika nikafanya mwenyewe. Nilifunga khanga nne kwenye mlango na dirisha la stoo, nikaweka ndoo na kopo, nikamketisha Bibi Salama ndani awe mpimaji, mimi nashika karatasi. Wasichana wakaingia mmoja mmoja, wakakunja mikono ya magauni, wakavua mitandio, wakatawadha kama watu. Kisha swala. Kisha Mama Gunia. Kila kitu kilijazwa. Hadija hakukosea hata tendo moja.

Ustadhi alipomaliza na wavulana nilimpelekea karatasi zangu. Alizisoma zote, simnyimi haki yake, alizisoma pole pole. Kisha akanirudishia.

"Mwalimu," alisema, "hapa panaandikwa mtahini ameona kwa macho yake. Mimi sikuona."

Nikamwambia, Bibi ameona. Akauliza Bibi Salama ana cheti gani. Nilidhani nimesikia vibaya. Mwanamke ameosha wafu wa mji mzima, wakazikwa wote, hakuna siku aliyoulizwa cheti, leo anaulizwa cheti ili aseme kama mtoto amelowesha kiwiko. Nikasema, basi mimi ninacho, cha serikali, kina muhuri. Akasema, wewe ni mwalimu wao, mwalimu hawezi kuwa shahidi wa kazi yake mwenyewe. Neno zuri, ningelikubali, isipokuwa wavulana watano kati ya wale aliokuwa amewapima uani asubuhi hiyo walikuwa wanafunzi wake mwenyewe wa madrasa ya likizo kule Njombe. Nilimwambia hilo. Akasema hao amewaona.

Akakaa kwenye benchi, akachukua karatasi za wasichana, akaanza kujaza. Hakuwa na hasira. Aliandika kwa mwandiko mzuri, tendo baada ya tendo, mtoto baada ya mtoto: haikuonekana, haikuonekana, haikuonekana. Safari hii hata ile nusu hawakuipata, kwa sababu walikataa kutawadha juu ya nguo. Mimi ndiye niliyewafundisha wakatae.

Bibi Salama alikuwa amesimama nyuma ya khanga, anasikia. Alitoka, akambeba Mama Gunia mgongoni kama mtoto, akaenda zake Lyamkena. Wanaume waliokuja uani kutazama mtihani walicheka. Mimi nilikwenda chooni nikalia, nikaosha uso, nikarudi kuwaaga wageni. Mpaka leo nikikumbuka vile niliwaaga kwa adabu najichukia kidogo.

Mtauliza, alama za dini zina nini hata mtu alie chooni? Kwa wengi hazikuwa na kitu. Lakini miaka hiyo watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kufungua shule, na Waislamu wa mkoa mwingine walikuwa wamefungua sekondari ya wasichana, ya kulala. Sekondari za serikali zilikuwa chache na Hadija hakuchaguliwa. Shule ile ilimtaka. Alikuwa ameandika mtihani wao akafaulu, mjomba wake mwenye malori alikuwa tayari kumsomesha, na mama yake alikuwa ameshamshonea sare. Kilichobaki ni cheti cha elimu ya dini chenye ufaulu wa vitendo. Cheti kikaja kutoka Njombe. Maandishi, wa kwanza katika wote, wavulana na wasichana. Vitendo, hakufaulu.

Mama yake alikuja nacho kwangu. Alikiweka mezani akakaa. Nilipanda basi kwenda Njombe mara tatu. Mara ya kwanza Ustadhi hayupo. Mara ya pili yupo, akanieleza utaratibu. Mara ya tatu akanieleza utaratibu ule ule na kunipa maji ya kunywa. Nikamwandikia mkuu wa ile shule, akajibu kwa upole kwamba watamshikia Hadija nafasi hadi muhula uanze, baada ya hapo wataita mwingine.

Wiki moja kabla ya muhula kuanza, mama yake Ustadhi Mahamudu akafariki.

Bibi yule alikuwa akiishi Lyamkena kwa binti yake, dada wa Ustadhi. Alifariki asubuhi, baada ya uji. Tulipofika, nyumba ilikuwa imejaa wanawake, na katika wote hao hakuna aliyekuwa tayari kuingia chumbani. Dada mtu alikuwa uani ameshika nguzo, anasema hajui, hajawahi, anaogopa kukosea kwa mama yake. Mke wa Ustadhi alikuwa amefika kutoka Njombe, mwanamke aliyesoma madrasa tangu utoto, na naye akasema hivyo hivyo: hawakufundishwa, walielezwa tu. Sikumlaumu. Nani alikuwa amewahi kumtazama akifanya?

Bibi Salama alikuwapo, lakini kiuno kilikuwa kimeshamkatalia kuinama. Alisema atakaa kwenye kigoda aelekeze. Akanitazama, akasema, "Niitie yule mtoto."

Hadija alikuja na khanga zake mbili na sabuni. Alisimama mlangoni akaniuliza kwa sauti ndogo ni nani. Nikamwambia ukweli, kwamba ni mama wa Ustadhi Mahamudu. Niliona kitu kikipita usoni pake, na nisingemlaumu kama angegeuka. Akavua viatu, akaingia.

Mimi nilimwaga maji, yeye akaosha. Bibi Salama alikuwa ameketi kuelekeza, na hakuelekeza kitu. Shuka halikuondoka. Mkono wa Hadija uliingia chini yake kama mkono unaomtafutia mtoto mchanga mahali penye uchafu, pole pole, bila kumsumbua. Alikuwa akisema naye kwa kunong'ona, samahani Bibi, nageuka nawe sasa Bibi. Dada mtu aliposikia hivyo akaacha nguzo, akaja akashika miguu ya mama yake. Nywele mikia mitatu. Kafuri. Sanda vipande vitano, kila kimoja mahali pake. Tulipomaliza, Bibi Salama alisema alhamdulillahi, tukafungua mlango wanaume wachukue.

Ustadhi aliswalisha jeneza mwenyewe, wakaenda kuzika Mahongole.

Siku ya tatu, baada ya hitima, alinifuata jikoni tulikokuwa tunaosha sufuria. Alisimama nje ya mlango, macho chini, akashukuru. Dada yake alikuwa amemsimulia yote. Kisha akauliza ni nani hasa aliyemwosha mama.

"Hadija," nikasema.

"Hadija yupi?"

"Yule wa haikuonekana."

Kisha, na ninaamini aliuliza kwa uchungu wa mtoto kwa mama yake, bila ubishi wowote, akasema:

"Aliosha sawasawa?"

Vijana wangu, nilikuwa nimeshika sufuria. Niliiweka chini.

"Ustadhi, wewe ulimwona akiosha?"

"Sikumwona."

"Na ukamswalia mama yako."

Wanawake jikoni wote walikuwa wameacha kuosha vyombo. Alijifuta uso kwa ncha ya kilemba, kisha akaniomba zile karatasi zangu za stooni kama bado ninazo. Ninazo, nikamwambia, ninazo zote. Alizichukua kwenda Njombe na cheti kikaandikwa upya. Kilifika Makambako muhula ukiwa umeanza kitambo. Ile shule ilikuwa imeshaita mwingine, na mwaka uliofuata mjomba malori yake yalikuwa yamesimama. Sare ilivaliwa na mdogo wake kuchotea maji.

Kutoka hapo wasichana wa Makambako wamepimwa na wanawake, na watu husema Ustadhi alikuwa mwungwana, kwamba nilipaswa kumshukuru. Labda alikuwa mwungwana. Sikumshukuru. Hakutoa kitu cha kwake, alirudisha cha mtoto, tena kimechelewa.

Nilimpelekea Hadija cheti kipya mimi mwenyewe. Alikuwa ameshaanza kumsaidia mama yake sokoni. Alikifungua, akapitisha kidole kwenye mistari, viganja, kusukutua, puani, uso, kote kumeandikwa amepatia. Akakikunja tena.

"Kwa hiyo, Mwalimu," akaniuliza, "sasa ndiyo nimejua?"

Sikuwa na jibu, na miaka yote hii sijalipata. Nyinyi mnaoshika kalamu leo, kama mnalo, mpelekeeni. Yuko Lyamkena anauza maharage, kila mtu anamjua, ndiye mwosha wa mji sasa. Na mkifika kwake, mfikishieni zile salamu nilizowanyima mwanzoni.